Miti ya Walioondoka

Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, ina umri wa zaidi ya miaka sitini, na bado hakuna aliyeijengea jumba la makumbusho. Kumbukumbu zake ziko shambani. Ukitoka Base Camp kwa miguu kuelekea upande wa Juru, unapita mahindi, maharage, mahindi tena, nyumba za udongo zilizoezekwa bati au shitingi ya UNHCR iliyochakaa, kisha bila kutarajia unakuta mwembe mkubwa umesimama peke yake. Hauko katika ua wa mtu. Watoto wanaourushia mawe ni wa Kirundi na wa Kikongo, na hakuna hata mmoja anayejua aliyeupanda. Waulize wazee wa Kinyankole wanaochunga ng'ombe pembezoni, watakwambia: hapo palikuwa kwa Wanyarwanda wa kwanza. Nyumba iliyeyuka kwa mvua, ua ukalimwa, mwembe ukabaki.

Mimi huitazama miti hiyo kwa jicho la biashara. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Mwishoni mwa 2008, vita vya waasi wa Nkunda vilipofika kwetu, tulivukia Bunagana mpakani, tukalala Nyakabande kule Kisoro, kisha tukapakiwa kwenye mabasi mpaka hapa. Baada ya muda nikafungua kitalu cha miche kando ya barabara. Nauza grivilea, mipapai, mipera, miparachichi, miembe na mikaratusi. Mbegu na viriba vya plastiki nafuata Mbarara. Watu bado wananiita Mwalimu, na swali lao la kwanza halibadiliki: "Mwalimu, huu unazaa lini?" Hawaulizi ladha wala kivuli. Kila mteja, kabla hajatoa shilingi yake, anapiga hesabu ya muda aliobakiza mahali hapa.

Hesabu hiyo ndiyo historia yote ya Nakivale, kwa maoni yangu. Siku hizi tunatembelewa mara kwa mara na watu wanaotaka tuwaze mji wa kesho, wa kijani, usiomwacha mtu nje. Nawakaribisha. Ila kabla ya mji wa kesho ningependa waisome miembe ya jana.

Novemba 1959 moto uliwaka Rwanda, na Watutsi kwa maelfu wakakimbilia nchi jirani. Walioingia Ankole, yaani eneo letu hili, wengine na ng'ombe wao, waliikuta Uganda ingali chini ya Waingereza. Serikali ilihitaji mahali pa kuwaweka, na bonde la ziwa Nakivale lilionekana kufaa kwa sababu moja kubwa: lilikuwa na watu wachache. Waliopaacha hivyo walikuwa mbung'o. Mbung'o huleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, na katika sehemu hizo za Ankole wafugaji wa Kihima walikuwa wamepoteza mifugo mingi wakahama. Dawa ya serikali za wakati ule ilikuwa kuwapiga risasi wanyama pori wanaomlisha mdudu huyo, na kufyeka vichaka anamojificha. Wakimbizi wa kwanza wakawekwa katikati ya vichaka hivyo na majembe na mapanga. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa ya mkimbizi wa Nakivale ilikuwa kukata miti, na aliifanya kwa baraka zote za dola. Nasema hivi kwa sababu nimechoka kusikia kwamba sisi ndio tuliolifanya bonde hili upara.

Mwaka 1960 makazi yalitambuliwa rasmi, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuwadhibiti wakimbizi. Oruchinga, jirani zetu, wakafuatia. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sijui nchi nyingine iliyoifuata methali hiyo kwa uaminifu kama Uganda: mkimbizi hapa hakuzungushiwa waya, alipewa kipande cha ardhi alime. Lakini methali haisemi chochote kuhusu siku ya elfu ishirini. Haisemi jembe likishaota kutu, na mwana wa mgeni akishaoa, lile shamba ni la nani.

Wanyarwanda wale walidhani watarudi kwao baada ya msimu mmoja au miwili. Misimu ikapita. Wakapanda migomba, kisha kahawa kidogo, kisha miembe. Naamini ule mwembe ni tarehe kamili: ndio mwaka ambao baba wa nyumba ile alikubali kwamba harudi karibuni. Watoto wao walikulia kwenye makambi ya Ankole. Fred Rwigyema alikuwa mmoja wao, katika kambi ya Nshungerezi; akaenda msituni na Museveni, akafika cheo cha meja jenerali katika jeshi la Uganda, na tarehe 1 Oktoba 1990 akaongoza wenzake kuvuka mpaka kurudi Rwanda kwa bunduki. Aliuawa siku iliyofuata.

Kabla ya hapo kulikuwa na Oktoba nyingine. Mwaka 1982, chini ya serikali ya pili ya Obote, vijana wa chama cha UPC wakishirikiana na machifu walizunguka Ankole wakiwafukuza watu walioitwa Wanyarwanda, wakiwemo waliozaliwa Uganda na wazazi wao wakazaliwa Uganda. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Maelfu walivuka kwenda Rwanda, wengine wakakwama Merama Hills, mpakani kabisa, na maelfu wengine wakasukumwa kurudi Nakivale na Oruchinga. Watu waliokuwa wametoka kambini miaka mingi nyuma, wakanunua mashamba na kujenga, walirudishwa kwenye makazi kama vile maisha yale ya katikati hayakuwahi kuwepo. Mzee mmoja aliyeshuhudia aliniambia kitu ambacho sijakisoma popote: kwamba waliorudi mwaka ule walipanda mihogo na viazi tu. Hawakupanda mti.

Kisha 1994. RPF, jeshi lile aliloliongoza Rwigyema, waliposhika Kigali mwezi Julai, Wanyarwanda wa zamani walifungasha na kwenda, na sehemu kubwa za Nakivale zikabaki tupu. Ardhi tupu haikai. Wenyeji wa Ankole waliokuwa na ng'ombe wengi na malisho machache wakaingia, pamoja na wakulima wa Kikiga kutoka vilima vya kusini vilivyojaa watu. Wakati huohuo wakaanza kuja wakimbizi wapya, safari hii Wahutu, na baadaye Wakongo, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Mwenyeji alikuwa ameshalima, mkimbizi mpya ana karatasi inayoonyesha palepale. Ugomvi wa mipaka ulioanza hapo haujaisha mpaka leo. Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo inayosimamia makazi, hupima, huchimbia mawe ya mpaka, na mawe mengine hung'olewa usiku. Na katika ugomvi huo mwembe ukawa shahidi. Huyu anasema, "Nani aliyepanda huu? Si mkimbizi? Basi hapa ni pa wakimbizi." Yule anajibu, "Mkimbizi aliyeupanda ameshaenda kwao."

Mwaka 2006 Bunge lilitunga sheria mpya ya wakimbizi, na kwa haki nitaisifu. Inatuacha tutembee, tufanye kazi, tufungue biashara. Kijana wa Kikongo anaweza kuamka Nakivale, kupanda teksi, na saa nne asubuhi akawa anauza vitenge Mbarara. Mwaka 2014 watafiti wa Oxford, Alexander Betts na wenzake, walitoa ripoti iliyotokana na Nakivale, Kyangwali na Kampala, wakaonyesha kwamba wakimbizi hawa wananunua, wanauza, wanaajiri, na baadhi ya wanaoajiriwa ni Waganda. Sisi tulishangaa kwamba iliwashangaza. Lakini sheria hiyohiyo, kuhusu ardhi, inakupa matumizi tu. Huwezi kuuza, huwezi kukodisha, na ukiondoka kiwanja kinarudi.

Na kuondoka kwenyewe hujui kutakuja kwa sura gani. Julai 2010 watu wapatao 1,700, Wanyarwanda, wengi wao wakiwa watu ambao maombi yao ya ukimbizi yalikuwa yamekataliwa, walipakiwa kwenye malori na kurudishwa Rwanda kwa nguvu kutoka Nakivale na Kyaka. Miaka mitano baadaye Burundi ikalipuka, kuanzia Aprili 2015, na Warundi wakaja kwa wingi kiasi kwamba vijiji vizima vilizaliwa katika miezi michache. Waasi wa M23 nao wametuletea Wakongo wenzangu mara mbili, 2012 na tena kuanzia 2022. Leo tuko zaidi ya laki mbili, wa mataifa zaidi ya kumi, kwenye eneo la kilomita za mraba kama 180. Viwanja vinazidi kupungua. Aliyekuja zamani alipewa shamba, aliyekuja juzi amepewa mahali pa nyumba na mboga.

Sasa turudi kitaluni. Mpapai huzaa ndani ya mwaka, ukipata maji. Ndio ninaouza kuliko yote. Mtu ambaye kesi yake ya kwenda Marekani au Kanada iko mezani, ameshahojiwa, anasubiri simu ya IOM, shirika la uhamiaji, hanunui kitu, au anachukua mpapai mmoja kwa sababu mama watoto amesisitiza. Mgomba unataka mwaka na zaidi, lakini unaacha machipukizi. Warundi wanaupenda na hawauhesabu kuwa mti, kwao ni sehemu ya nyumba. Mkaratusi unatoa fito kwa miaka mitatu hivi, nguzo kwa mitano au sita, kwa hiyo ni wa mwenye mpango wa kujenga. Mparachichi wa kubebeshwa ni miaka mitatu, minne. Mwembe wa kokwa ni sita, saba, hata nane. Mvule, mti ambao mjukuu ndiye anayeuvuna, hakuna aliyewahi kuniuliza bei.

Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kulikuwa na familia zilizokwisha kuuza vyombo, zimegawa mbuzi, zimeagana kanisani. Nyumba nyingi zilikuwa na msiba wiki zile, na sitaki kuupamba. Nasema tu kilichotokea kwangu: mvua za Machi zilipoanza, niliuza miembe kuliko msimu wowote niliowahi kuwa nao. Mama mmoja wa Uvira, aliyekuwa akinipita kila siku bila hata kugeuza shingo, alisimama, akachagua mitatu, akalipa, akasema, "Basi, Mwalimu, tukae."

Mahitaji ya kila siku, hata hivyo, hayangoji mwembe. Kila jiko hapa linataka kuni au mkaa, na kila nyumba inayotoka kwenye udongo kwenda kwenye tofali la kuchoma inapitia tanuri, na tanuri hula magogo. Migunga ya kwenye vilima imekwisha. Wanawake wanatembea mbali zaidi kila mwaka, na huko mbali hukutana na mwenye ardhi akiwa na fimbo. Mashirika yamegawa majiko ya udongo yanayopunguza kuni, na majiko hayo ni mazuri, nami ninalo. Wamegawa pia miche bila malipo, kwa maelfu, jambo ambalo mtu wa biashara yangu huliangalia kwa jicho la upande. Lakini nimehesabu iliyobaki hai njiani mwangu, na sioni wivu tena. Mche wa bure uliopandwa Juni, mwanzo wa kiangazi, ili picha ipigwe kabla mwaka wa bajeti haujafungwa, ni chakula cha mchwa.

Upande wa chini kuna ziwa, na hili ndilo linaloniogopesha. Ardhioevu za Mburo na Nakivale ziliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Maji yake ndiyo tunayokunywa: yanavutwa, yanasafishwa, yanasukumwa vijijini kwa mabomba. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinakataza kulima hadi ukingoni mwa ziwa au mto. Ila kiangazi kikibana, unyevu uko ukingoni tu, na mtu mwenye watoto sita na rashoni iliyokatwa anaingia kwenye mafunjo na panga. Mvua inayofuata inabeba udongo wa shamba lake na kuumwaga ziwani. Yeye analaumiwa, na kosa ni lake kweli. Pia ni la kilima kilicho juu yake ambacho hakina mti hata mmoja.

Kinachofanyika kwetu kinafanyika Mbarara kwa ukubwa zaidi. Mto Rwizi unashuka kutoka vilima vya Buhweju, unapita katikati ya Mbarara, unaingia ziwa Mburo. Yaani mji ule na kambi hii tuko kwenye mfumo mmoja wa maji. Mbarara inakunywa Rwizi, viwanda vya maziwa vinakunywa Rwizi, kiwanda cha soda kinakunywa Rwizi, na kwenye kingo zake watu wamechimba mchanga, wamefyatua matofali na kupanda mikaratusi ambayo nayo ni milevi ya maji. Kiangazi unaweza kusimama darajani ukaona mawe. Serikali imeamua kwenda kuyafuata maji ya Kagera, kule Nshungyezi mpakani na Tanzania, iyalete wilaya yetu ya Isingiro na Mbarara. Naunga mkono. Lakini ukiacha mto ukauka ukaenda kufuata wa mbali, umenunua muda tu.

Mbarara ni mwalimu wangu kwa jambo lingine. Wanaokuja leo wanaona jiji: lilipandishwa hadhi hiyo tarehe 1 Julai 2020 pamoja na Arua, Gulu, Jinja, Mbale, Masaka na Fort Portal. Wanaona barabara mpya zenye njia za waenda kwa miguu, zilizojengwa kwa mpango wa miji wa Benki ya Dunia, USMID, ulioanza 2013. Wachache wanakumbuka kwamba mji huu ulishawahi kuwa kifusi. Ulikua kama kituo cha Waingereza. Mkataba wa Ankole wa 1901, chini ya Omugabe Kahaya, ulipotiwa saini, mji ulikuwa makao ya utawala. Ikulu ikawa kilima cha Kamukuzi, Waprotestanti wakachukua Ruharo, Wakatoliki Nyamitanga, na Wahindi wakafungua maduka katikati. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Wahindi hao. Septemba mwaka huohuo wapiganaji wa Obote waliotokea Tanzania wakaishambulia kambi ya jeshi na kushindwa. Mwishoni mwa Februari 1979 jeshi la Tanzania likafika, na kulipiza yale ambayo askari wa Amin walifanya Kagera, likalipua majengo ya mji karibu yote.

Na mji ukarudi. Sababu ni nyingi: maziwa, matoke ya Isingiro, barabara kuu ya malori kutoka Mombasa kwenda Kigali na Goma, chuo kikuu kilichofunguliwa 1989, na kuwa nyumbani kwa waliokuwa wameshika nchi. Ila mimi naona moja ambayo haitajwi. Kila kifusi kilikuwa na mwenyewe. Mtu alirudi akasimama juu ya mawe akasema, hapa ni kwangu, na kulikuwa na karatasi mahali fulani inayomuunga mkono. Hata Wahindi waliofukuzwa, miaka ya 1990 baadhi yao walirudi na hati zao wakadai maduka, na wakapewa. Mnyarwanda wa Nakivale aliyefukuzwa, aliyerudishwa au aliyerudi mwenyewe hakuwa na karatasi ya kudai hata embe.

Ndiyo maana walipokuja wageni fulani na karatasi za rangi na kalamu, wakatuomba tuchore mji wetu wa mwaka 2050, nilikaa nyuma. Walikuwa watu wema. Vijana wa Kisomali walichora maghorofa na uwanja wa ndege. Mrundi mmoja alichora reli kutoka Nakivale mpaka Mbarara, yenye vituo vyote, na akaandika nauli. Mama mmoja alichora choo karibu na nyumba, na taa juu yake, akakaa kimya. Bwana mmoja anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu alichora mahali pa kugawia chakula bila ngazi. Hao wawili, kwa maoni yangu, ndio waliochora mji; wengine walichora filamu. Mwezeshaji alipokuwa akibandika ukutani, niliona kwamba karibu kila karatasi ina miti, ya kijani, iliyonyooka pande mbili za barabara. Nikainua mkono nikauliza miti hiyo ni ya nani. Akacheka kwa adabu, akasema, "Ya wote, Mwalimu." Nimefuga mbuzi. Najua mti wa wote unaliwa na mbuzi wa nani.

Ramani hazikosekani. UN-Habitat ilitoa mwaka 2020 wasifu wa Nakivale, na Isingiro iliingizwa kwenye awamu ya pili ya USMID kama wilaya inayohifadhi wakimbizi. Tuna kamati zetu za kuchaguliwa, RWC, zinazokwenda sambamba na LC, mabaraza ya wenyeji. Kinachokosekana ni kitu kidogo mno, na nilikipata kwa dereva wa lori.

Alikuwa Mswahili wa Mombasa, gari limeharibika Mbarara, anasubiri spea. Nilikuwa nimekuja kuchukua viriba. Tulikaa kwenye benchi moja tukinywa chai, akanieleza kuhusu minazi ya babu yake. Minazi yake, ardhi si yake. Nikamwomba arudie. Kwao pwani, akasema, kuanzia Lamu hadi Unguja, tangu enzi na enzi mtu anaweza kuwa na mti kwenye ardhi ya mwenzake. Anauangua, anaurithisha, anauweka rehani, anauuza, na mwenye ardhi anabaki na ardhi yake. Kwake yeye lilikuwa jambo la kawaida kabisa, akarudi kulalamikia bei ya spea. Mimi sikulala vizuri usiku ule.

Mfano wa karibu zaidi ulikuwepo muda wote. Kusini mwa Mbarara kuna msitu wa hifadhi wa Rwoho. Vilima vyake vilikuwa nyasi tupu. Mamlaka ya misitu ya taifa ikapanda misonobari kwa mpango wa kuuza hewa ukaa kupitia Benki ya Dunia, uliosajiliwa 2009, wa kwanza wa misitu wa aina yake Afrika. Wanakijiji wa chama cha pale walipewa sehemu wapande wao. Ardhi ikabaki ya serikali, miti waliyoipanda ikawa yao. Misonobari siipendi, inaua nyasi chini yake. Lakini hakuna anayeipelekea mbuzi.

Nikapeleka wazo kwa ofisa mmoja: hati ya mti, si ya ardhi. Mkimbizi anayepanda anaandikishwa. Akirudi kwao au akihamia Kanada, anamuuzia mti jirani, mkimbizi au mwenyeji. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema hatari yake ni kwamba mtu akiwa na mti atakataa kuondoka. Nilimjibu kwamba nimeacha Rutshuru nyumba ya matofali, ng'ombe wawili na kaburi la baba, na niliondoka kwa nusu saa. Mti haujawahi kumzuia mtu. Kinachotokea ni kwamba mtu asiye na mti hana sababu ya kuutunza udongo siku anazokuwepo, na siku hizo Nakivale zinaweza kufika miaka arobaini. Aliahidi kulifikiria.

Hatukungoja. Kijijini kwetu tumenunua daftari. Lina jina la aliyepanda, aina ya mti, mwezi ulipopandwa, na mahali, yaani nyumba ya nani na hatua ngapi kutoka wapi. Mwenyekiti wa RWC anaweka sahihi, na tumemwomba mwenyekiti wa LC wa upande wa pili naye aweke. Kisheria halina uzito wowote, ni makubaliano ya majirani. Mwaka huu familia moja ya Kirundi iliamua kurudi kwao na ikauza mparachichi wake, uliokuwa umeanza kuzaa, kwa shilingi 60,000. Aliyenunua ni Mnyankole anayepeleka matoke Mbarara. Kiwanja kimepewa mama wa Kikongo aliyefika kutoka Masisi. Mnunuzi anakuja na gunia, anachuma, anamwachia mama ndoo moja. Sasa mama analalamika kwamba kivuli kinadumaza maharage yake na ndoo moja haitoshi, anataka mbili, na anataka tawi la upande wa mashariki likatwe. Mnyankole anasema tawi hilo ndilo linalozaa. Shauri lao litasikilizwa Jumamosi, na wenyeviti wote wawili wameitwa.